Abiria wa Lorimer

Thornton Heath, Uingereza, kwenye barabara ya maduka, pana duka la Chandrakant, Mhindi wa Mombasa anayeuza mihogo, mabamia na kadi za simu. Ubavuni mwa duka kuna kiwanja cha saruji, mali yake mwenyewe, na ukutani pana baraza ambayo si baraza: ni kiti cha nyuma cha gari. Ni cha ngozi nyekundu, kinakaa watu watatu, na wa nne akijibana. Matar alikitoa ndani ya gari lake siku moja ili friza ya Chandrakant ipate pa kulala, akakiegemeza ukutani kwa muda. Friza ikafikishwa ilikokwenda, watu wakarudi wamechoka, wakakaa kupumzika. Hayo yalikuwa mwaka wa tisini na nane. Sasa ni elfu mbili na tisa, na bado wanapumzika. Gari lenyewe, Lorimer ya Kimarekani, jeusi, refu kama msafara wa harusi, limesimama mbele yao bila kiti cha nyuma, na tangu mwezi wa Juni bila uhai.

Alhamisi moja ya Julai, Hayat binti Matar aliingia kiwanjani na thamosi ya kahawa mkononi na ujumbe wa mama yake tumboni. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwezi uliopita, shahada ya historia, na alikuwa na maradhi mawili. La kwanza, hawezi kusikia kosa akaliacha lipite. La pili, akishalisahihisha, hulala macho usiku akijiuliza kama amemuudhi mtu.

Kitini walikuwepo watatu wa siku zote. Katikati alikaa baba yake, Matar, ambaye pale huitwa Gavana. Kazi yake ya ukarani katika ofisi ya ndege ya Edgware Road ilikwisha ofisi ilipofungwa, lakini tai bado anaifunga kila asubuhi. Kulia kwake Rajab wa Pemba, anayeitwa Idhaa, kwa sababu habari zote huzisikia yeye kwanza na huzitangaza zikiwa zimenenepa. Kushoto Titus, Mkenya wa Thamesmead, anayeitwa Wakili. Sheria aliisoma muhula mmoja tu, na hajawahi kuisamehe kwa kumwacha.

— Shikamoo Baba. Shikamoo Ami Rajab. Shikamoo Anko Titus.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa hiyo! Mamaako amesharidhika?

— Hajaridhika, Baba. Ameniambia niseme neno kwa neno.

— Basi sema pole pole, alisema Titus. Ya mama isikimbizwe.

Hayat akaiweka thamosi mbele ya baba yake.

— Amesema: mume hana kazi, gari halendi, na wote wawili wanashinda kwa Chandrakant. Leo lori linakuja kuchukua gari likavunjwe chuma. Kahawa hii ndiyo ya mwisho. Ikisha, Baba anipe funguo niwape watu wa lori.

Idhaa akakipapasa kiti alichokalia kama mtu anayepapasa mfuko sokoni.

— Gari peke yake?

— Gari zima, Ami. Wamemwambia Mama: likipungua kitu halichukuliwi. Na kiti.

— Kiti chetu?

— Kiti cha gari, Ami.

— Sasa tutakaa wapi?

Hayat alimtazama baba yake. Matar alikuwa ameshafungua thamosi na kumimina kikombe cha kwanza, na sasa alikuwa akiitazama ile thamosi kwa macho ya mtu anayetazama maji ya mtungi siku mabomba yamekauka.

Watu wa kwao Matar, Waunguja wenye jamaa Omani, wana desturi moja ya kahawa. Mwenye thamosi hamimini mara moja akaacha. Humimina, ukinywa humimina tena, mpaka utikise kikombe chako kidogo huku na huku. Ndiyo ishara kwamba umetosheka. Usipotikisa, hana ruhusa ya kuacha. Titus alifundishwa siku ya kwanza alipokaa pale, na mpaka leo hutikisa hata glasi ya maji.

Matar akamwelekea Idhaa. Idhaa, ambaye kwa siku ya kawaida hunywa mpaka mishipa ya shingo imsimame, alikitikisa kikombe kabla hakijajazwa.

— Nimetosheka, Gavana.

— Hujaonja!

— Harufu yake imenishibisha.

Titus naye akatikisa. Chake kilikuwa bado kimefunikwa kwenye sahani.

— Hamnywi? aliuliza Hayat.

— Mama amesema kahawa ikisha, sivyo? alisema Titus. Hakusema tuinywe. Hiyo ndiyo sheria, msichana. Soma kilichoandikwa, usisome kilichokusudiwa.

— Na zaidi ya hayo, alisema Idhaa akiinua kidole, leo si siku ya kuuza Lorimer. Hamkusikia redio? Kampuni imefufuka! Mahakama ya Marekani imeitoa kwenye kufilisika. Serikali imetia mkono, viwanda vimefunguliwa, watu wamerudi kazini wanalia kwa furaha. Mimi niliwaambia. Mfa maji haachi kutapatapa, mwisho huogelea!

— Methali haisemi hivyo, Ami.

— Ya Pemba ndivyo inavyosema.

— Ngoja, alisema Matar, na sauti yake ikabadilika. Imefufuka lini?

— Jana jioni, saa zetu.

Matar aliligeukia gari lake, akalitazama kuanzia taa za mbele mpaka mkiani, safari ndefu kidogo.

— Na lilikufa siku ileile kampuni ilipokufa, alisema polepole.

— Siku mbili kabla, Baba, alisema Hayat. Kampuni ilikwenda mahakamani Jumatatu. Gari lilikataa kuwaka Jumamosi, tulipokuwa tunakwenda harusini kwa kina Miska.

— Lilikuwa linaumwa moyo, alisema Idhaa. Mnyama hujua tetemeko kabla ya mtu.

— Gari si mnyama.

— Lina nguvu za farasi mia mbili ndani yake, halafu si mnyama?

Hilo Hayat alilisikia kichwani mara tatu na hakujua alishike wapi.

— Hebu tuanze mwanzo, alisema Idhaa, akakunja mguu mmoja. Huyu Lorimer mwenyewe, mwanzilishi, alikuwa seremala wa majeneza. Ndiyo maana magari yake marefu hivi. Mtu aliyezoea kifo hafi. Kampuni yake imekufa mara ngapi? Bei ya mafuta ilipopanda, miaka ya sabini, walisema imekwisha. Serikali ikaidhamini mkopo, ikainuka. Wajapani walipokuja na vigari vyao visivyokunywa, walisema imekwisha, ikatoa basi dogo la familia, ikainuka. Sasa tena. Ile kampuni ni jeneza lenye mlango wa nyuma!

— Alikuwa anatengeneza mikokoteni ya shamba, alisema Hayat. Si majeneza.

— Na mkokoteni ukibeba maiti unaitwaje?

— Mkokoteni.

— Umesoma sana wewe, alisema Idhaa kwa huruma.

Titus alikuwa amefumba macho, mikono kifuani, kama hakimu anayesubiri watu wanyamaze.

— Nyinyi mnaongea mambo ya kuzaliwa, alisema. Swali ni la kufa. Hii gari kwa sasa ina hali gani kisheria? Kampuni imekufa Juni. Gari imefiwa. Sasa, aliyefiwa kwenu anafanyanga nini?

Idhaa akaruka kidogo kitini, springi zikalia.

— Eda! Wallahi, eda! Gari limefiwa na mume, liko edani. Halitoki, halizururi, halipigi honi. Tumelisukuma kuliwasha mwezi mzima, na kumbe lenyewe lina heshima zake! Na hao wa lori wanataka kumtoa mjane edani kwa mnyororo?

— Lakini bwana amefufuka, alisema Titus. Mume akifufuka, eda inaisha ama inaanza upya?

Idhaa akakuna kidevu. Hilo halikuwahi kutokea Pemba.

— Kampuni ilitengeneza gari, alisema Hayat, na alisikia sauti yake ikipanda kama inavyopanda siku za mitihani. Haikulioa. Kama ni chochote, basi ni mzazi.

Alijuta hapohapo. Titus alifumbua macho yote mawili.

— Umesema vizuri kabisa! Mzazi. Kwa hivyo hii gari si mjane, ni yatima. Na sikilizeni vizuri. Kilichotoka mahakamani si Lorimer ile. Ni Lorimer Mpya. Imechukua viwanda vizuri, ikaacha madeni na mambo ya zamani kwa ile iliyokufa. Sivyo, Idhaa?

— Ndivyo walivyosema.

— Basi huyo mpya ni baba wa kambo. Mtoto wa zamani hamjui. Na mali ya yatima inauzwa hivi hivi? Gavana, wewe ni mtu wa dini.

— Haiuzwi, alisema Matar.

— Ukiiuza?

— Moto.

— Mnaona? Mama Hayat anataka kumpeleka mzee wa watu motoni kwa sababu ya kiwanja cha Chandrakant!

Matar alicheka. Alicheka kwa kifua, kichwa kikigonga ukuta, na Hayat akashtuka, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho kuusikia mlio ule. Nyumbani baba yake huuliza jambo kwa Kiswahili, na wanawe wa kiume humjibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye michezo yao. Naye hushukuru, hukaa na tai yake mbele ya televisheni, hutazama hali ya hewa ya miji ambayo ndege za ofisi yake zilikuwa zikienda. Pale kitini mambo ni mengine. Idhaa na Wakili walikuwa wamemgeukia wote wawili, wakisubiri.

— Toa hukumu, Gavana. Mjane au yatima?

Matar alinyoosha tai.

— Vyote vyaweza kuwa. Lakini mimi nna wazo langu. Gari halikufa. Lilizimia. Kampuni imezinduka, gari nalo litazinduka, ila habari haijafika.

— Itafikaje, Baba?

— Sasa hivi Detroit, kwao Lorimer, saa ngapi?

— Asubuhi mapema. Wako nyuma yetu kwa saa tano.

— Umeona? Bado wamelala! Kampuni imefufuka jana jioni, ikaenda kulala. Mtu akitoka hospitali humwamshi alfajiri. Waamke, wafungue ofisi, wawashe mitambo, ndipo na hili litawaka. Kulijaribu sasa ni kulisumbua. Haraka haraka haina baraka.

— Na kumbuka chanda chema huvikwa pete, aliongeza Idhaa. Pistoni zake zina pete zote.

— Baba, alisema Hayat, please. Injini haipigi simu Detroit.

— Uliwahi kuisikiliza saa hizi?

Hakuwahi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, ilimbidi akiri. Idhaa akapiga makofi. Matar akamimina kahawa kwa furaha, akaiona inavyotiririka, akashtuka, akairudisha kikombe kizima ndani ya thamosi.

Lori lilisikika likipinda kutoka barabarani.

— Wakili! alisema Matar. Hakuna kingine?

Titus alisimama, akakumbuka, akakaa tena haraka.

— Msisimame! Mtu yeyote asisimame. Sikilizeni. Gari yenye abiria haiburutwi, hiyo iko wazi hata kwa mtoto. Sasa, hiki kiti ni cha nini?

— Cha gari, alisema Idhaa.

— Na aliyekaa kwenye kiti cha gari anaitwaje?

— Abiria.

— Tumeketi hapa miaka kumi na moja. Sisi ni abiria wa miaka kumi na moja!

— Lakini kiti kiko nje ya gari, Anko Titus.

— Abiria ni abiria, msichana. Mlango tu ndio uko mbali.

Dereva akashuka. Alikuwa Kalasinga wa makamo, kilemba cha buluu, mikono ya mafuta, na aliposikia lugha inayozungumzwa uso wake ulifunguka.

— Hamjambo wazee! Mimi naitwa Jaswinder, wa Kisumu. Miaka sijasikia hii lugha! Wapi mwenye gari?

Sasa, kama angekuwa Mwingereza, angeambiwa asubiri. Lakini mtu ametoka Kisumu, amekusalimia kwa lugha yako, amesimama mbele ya thamosi yako. Hayat alimwona baba yake akipigana na nafsi yake, na akaiona nafsi ikishindwa.

— Karibu kahawa, ndugu yangu, alisema Matar.

— Kidogo tu, mzee.

Matar akammiminia. Jaswinder akanywa, akashukuru, akakinyoosha kikombe ili akirudishe. Kikajazwa. Akatazama, akanywa. Akakinyoosha tena. Kikajazwa tena. Jaswinder alilelewa na mama aliyemwambia kwamba kukataa kikombe cha mzee ni utovu wa adabu. Matar alilelewa na mama aliyemwambia kwamba kuacha kumimina kabla kikombe hakijatikiswa ni aibu ya ukoo. Tabia njema mbili ziligongana uso kwa uso, na hakuna iliyokuwa na breki.

— Tikisa, alinong'ona Idhaa.

— Nini, mzee?

Idhaa akainua kikombe chake kitupu, akakitikisa mbele ya uso wa mgeni, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu.

— Pole, mzee, alisema Jaswinder. Mkono unasumbua? Hata mama yangu hivyo hivyo. Dawa yake maziwa ya moto na manjano.

Akanywa. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kilemba. Titus aliziba uso. Thamosi ikakohoa, ikatoa machicha, ikanyamaza. Matar aliigeuza juu chini, akaipiga kitako, halafu akaiweka sakafuni kwa mikono miwili.

Matar alitia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka kiganjani mwa Hayat. Alisema tu:

— Haya, mwanangu. Mamaako hajasema uongo.

Funguo zilikuwa na joto la mwili wake. Hayat alimpa Jaswinder.

Jaswinder alifungua mlango wa mbele, akachungulia. Akafungua buti. Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa na kilemba, akakaa humo kwa muda. Alipotoka alikuwa anakuna shingo, na kikombe bado alikuwa nacho mkononi.

— Wazee, bosi wangu amesema gari nzima, ama nirudi mikono mitupu. Kiti cha nyuma iko wapi?

Idhaa, aliyejua habari za dunia nzima, alitazama mawingu. Wakili, ambaye maishani mwake hajawahi kukosa hoja, alianza kufunga upya kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Matar alinyoosha tai. Ilikuwa imenyooka.

Halafu wote watatu, polepole, wakamgeukia Hayat.

Walimjua. Dunia nzima ilimjua. Aliwahi kumwita mwalimu wake njiani kumwambia kwamba alimzidishia alama. Na jibu alikuwa nalo, sahihi, fupi, lenye ushahidi. Ukingoni mwa kiti, kati ya goti la baba yake na la Titus, ilionekana herufi L iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu, ileile iliyoko kwenye usukani. Chini yake palikuwa na doa la sharubati. Doa hilo ni lake yeye, la safari ya Brighton, alipokuwa msichana wa shule na kiti kikiwa bado ndani ya gari, baba yake akiimba mbele, mikono yote miwili juu ya usukani.

— Baba, alisema. Nipishe.

Wakasogeleana. Idhaa akabaki na nusu ya makalio hewani. Hayat, ambaye hajawahi kukaa pale hata siku moja, alijibana kati ya baba yake na Titus, akaitandaza sketi yake ndefu juu ya herufi L mpaka haikuonekana, akaweka mikono mapajani kama mtu aliyepanda basi la mbali.

— Dada? alisema Jaswinder. Kiti?

Hayat akainua uso.

— Kaka Jaswinder, alisema, hivi sasa Detroit itakuwa saa ngapi?

Jaswinder alitazama saa yake. Alilitazama jua, akalitazama gari, akawatazama watu wanne walioketi bega kwa bega wakiangalia mbele, kila mmoja ameshika kikombe kitupu isipokuwa binti. Midomo yake ilianza kuhesabu kinyumenyume. Na katika kuhesabu, bila kujua, akawa anakitikisa kikombe chake kidogo, huku na huku.

— Alhamdulillahi, alisema Matar. Ametosheka.